BFO au PI? Ditekta ya kujitengenezea, ipi ujenge na ipi utaweza kuitibu ikigoma

Wengi wakitaka kujijengea ditekta ya metali wanauliza kitu kimoja, ipi inaenda chini zaidi. Mi naona hilo ni swali la pili. La kwanza ni kwamba ikigoma, na itagoma tu, utaweza kujua inaumwa nini ukiwa na mita ya mkononi peke yake bila oskilosikopu, kile chombo cha kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini? Maana hizi saketi mbili, BFO (beat frequency oscillator) na PI (pulse induction), zina magonjwa tofauti kabisa, na kwa maoni yangu mtu achague kwa kuangalia ugonjwa atakaoweza kuutibu na udongo atakaoukanyaga, mambo ya kina yaje baadaye.

Tuanze na zinavyofanya kazi, haraka haraka. BFO ni oskileta mbili, yaani saketi zinazozalisha mawimbi ya umeme, zinazopiga karibu frikwensi moja, tuseme kilohezi 100. Moja ina koili kubwa unayoipitisha juu ya ardhi, nyingine imekaa zake ndani ya boksi. Ukizichanganya sikio linasikia tofauti tu, yaani moja ikiwa 100,000 na nyingine 100,200 unasikia mlio wa hezi 200. Metali ikikaribia koili inabadilisha indaktansi ya koili (uwezo wake wa kupinga mabadiliko ya mkondo) na frikwensi nayo inabadilika, mlio unapanda au unashuka, ndio basi. Chipu za CD4011 (kila moja ina geti nne za kidijitali), kapasita chache, iafoni ya simu ya zamani, jioni moja umemaliza.

PI ni mtindo mwingine. Inaipiga koili mkondo mkubwa kwa muda mfupi sana, mikrosekunde 150 hivi, halafu inakata ghafla na kunyamaza ili isikilize. Ule mkato unazalisha volti mia kadhaa kwenye koili kwa kitambo kidogo sana, na kama chini kuna metali basi mikondo inayozunguka ndani ya hiyo metali inachelewa kufa, saketi inausikia huo mkia. Inarudia hivyo mara mia na kitu kila sekunde. Iliyo maarufu kwa wanaojijengea ni ile iliyotokea kwa Warusi inaitwa Pirat, ina NE555 moja (chipu ya kupima muda), mosfeti ya IRF740 (transista inayowasha na kukata mkondo wa koili), na opampu (vikuza mawimbi) mbili ndani ya chipu moja kama TL072. Zile Minelab GPX unazoona wachimbaji wanatembea nazo ni PI pia, ukoo ni mmoja ingawa wao wameenda mbali mno.

Udongo unaamua nusu ya mambo

Kama uko Geita, Chunya, Kahama au upande wa Migori, au popote penye udongo mwekundu, ujue ule wekundu ni oksidi za chuma na BFO inauona. Ukishusha koili sentimita mbili mlio unabadilika, ukiinua unarudi, unajikuta unapima urefu wa mkono wako badala ya kutafuta kitu. Unaweza kuishi nayo ukiteleza koili kwa urefu uleule muda wote, watu wanafanya, lakini inachosha na vitu vidogo vinazama kabisa ndani ya hiyo kelele. PI inavumilia udongo wa namna hii vizuri zaidi kwa sababu haisikilizi wakati wa pigo lenyewe, inasikiliza baadaye, na udongo mwingi unakuwa umeshanyamaza. Sio wote. Kuna mawe meusi mazito ya chuma yataipigisha kelele na PI pia.

Ufukweni ni stori nyingine, mchanga uliolowa maji ya chumvi unapitisha umeme, BFO inayumba, PI yenye uchelewesho mrefu kidogo haijali sana. Ila kama shida yako ni bomba ndani ya ukuta, nondo kwenye zege, msumari kwenye ubao kabla hujaupitisha kwenye msumeno, hapo BFO inatosha kabisa na sioni sababu ya mtu kuhangaika na volti mia nne.

Na dhahabu? Hapa watu wanadanganyana sana. Pirat haioni punje ndogo za dhahabu. Metali ndogo au nyembamba mkia wake unakufa haraka, ndani ya mikrosekunde chache tu, na Pirat haina saa ya kuchagua isikilize lini, inakuza ule mkia mzima jinsi ulivyo, kwa hiyo punje inakuwa imeshakufa kabla saketi haijafumbua macho. Ukitaka punje lazima ujenge PI ya kuchukua sampuli, ile yenye swichi ya kielektroniki kama CD4066 inayofunguka mikrosekunde 10 hivi baada ya mkato, na kuishusha chini ya 15 bila koili kuimba ni kazi ya kweli ya kupangilia. Sarafu nene hiyo Pirat inaiona vizuri, ikiwa imejengwa safi sentimita 15 hadi 20 hewani ni kawaida. Wale wanaotafuta rupia za Mjerumani, kwa mfano ile ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora 1916, hilo ni saizi ya kitu ambacho Pirat inaweza. BFO kwa sarafu hiyohiyo hesabu sentimita 5 mpaka 10, na hiyo siku ikiwa imeamka vizuri.

BFO ikiumwa

Ugonjwa wake mkubwa ni kuhama. Umeitegeshea mlio mzuri kivulini, ukitoka juani dakika tatu mlio umepanda wenyewe na hakuna metali popote. Chanzo mara nyingi ni kapasita za kwenye oskileta. Zile bapa za seramiki za bei rahisi zinabadilika na joto vibaya sana, usiziweke hapo hata kama mchoro umesema seramiki tu bila kufafanua. Tafuta za NP0 (seramiki zisizobadilika na joto), au maika, au zile za polistairini zinazoonekana kama plastiki ya kung'aa yenye karatasi ya fedha ndani, redio mbovu za zamani zimejaa hizo kwenye sehemu ya kutafutia stesheni, fundi redio yeyote ana mkebe wake. Kwa koili ya mikrohenri 540 hivi, kapasita ya nanofaradi 4.7 inakupa kilohezi 100. Halafu ukiwasha iache dakika kumi ipate joto kabla hujaanza kulalamika.

Ugonjwa wa pili ndio unaowachanganya wengi kwa sababu unajificha. Unarekebisha ili mlio uwe chini sana upate kusikia badiliko dogo, ukifika karibu na sifuri mlio unakatika ghafla, na sarafu ukiipitisha hakuna kitu, mpaka uweke sufuria ndio inaamka. Hiyo ni oskileta mbili zimeshikana, zikikaribiana sana kifrikwensi moja inaivuta mwenzake zinaenda pamoja, na kitu kidogo hakina nguvu ya kuziachanisha. Michoro mingi inayozunguka mtandaoni inatumia CD4011 moja kwa kila kitu, geti hii oskileta ya kwanza, geti ile ya pili, zinakula laini moja ya umeme ndani ya kipande kimoja cha silikoni, zitaachaje kushikana? Dawa ni chipu mbili tofauti, kila moja ipate umeme wake kupitia risista ya omu 100 na kapasita ya mikrofaradi 100 sambamba na ya nanofaradi 100 ikiwa imekaa miguuni kabisa pa chipu. Bora zaidi ukiweka 78L05, kidhibiti cha volti 5, kwa kila moja, ni senti kidogo tu na inatibu kuhama kwa betri inayoshuka pia. Hili ndilo badiliko la kwanza ningemfanyia mtu yeyote anayeniletea BFO, kabla hata sijauliza inasumbua nini.

Tatu ni mkono. Ukigusa mpini au majani yakigusa koili mlio unabadilika. Hapo hakuna ngao, au ipo lakini imefungwa vibaya. Zungusha foili ya jikoni kwenye koili nzima ILA uache pengo la sentimita moja au mbili, miisho ya foili isigusane kabisa, kisha uunganishe foili na graundi kwa waya mmoja. Ukifunga duara kamili umetengeneza mzunguko mmoja wa shoti, koili inakufa, oskileta inaweza kukataa hata kuwaka. Ukikuta BFO iliyokuwa inalia imenyamaza baada ya kuwekwa foili angalia hapo kwanza.

Kujua kama oskileta inapiga kabisa hauhitaji kifaa cha gharama. Chukua redio yenye MW (masafa ya kati), isogeze kwenye koili, zungusha taratibu. Oskileta ya kilohezi 100 inayotoka kwenye geti ina hamoniki, yaani mawimbi ya mara kadhaa ya frikwensi yake, kwenye 700, 900, 1100, ukipita hapo redio inanyamaza ghafla au inapiga filimbi ikikutana na stesheni. Hakuna kitu popote? Oskileta imelala. Na huu ujanja unaweza kuwa ndio ditekta yenyewe, unajenga oskileta ya koili tu, redio inakuwa ya pili, unaitegesha kwenye stesheni yenye nguvu na unasikiliza filimbi ikibadilika. Kwa mwanafunzi hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuanza.

Badiliko lingine zuri, weka kristali ya megahezi 1 badala ya oskileta ya pili, koili yako ipige karibu kilohezi 111 ili hamoniki ya 9 iangukie kwenye ile 1000. Upande mmoja hauhami tena, na kila hezi moja inayobadilika kwenye koili unaisikia kama tisa. Uzuri unakuja na gharama, kuhama kwa koili nako kunazidishwa tisa, kwa hiyo usifanye hivi kabla hujabadilisha zile kapasita.

Kitu kimoja BFO inayo ambacho PI ya kawaida haina ni mwelekeo wa mlio. Shaba, alumini, dhahabu zinapunguza indaktansi, chuma kama msumari kinaongeza, kwa hiyo ukijua oskileta ya koili iko juu au chini ya mwenzake unaweza kubahatisha aina. Nasema kubahatisha kwa sababu bati pana la chuma linaweza kujifanya kama alumini.

PI ikiumwa

Hapa uwe makini zaidi maana kosa moja linaunguza kitu, wakati BFO ikikosewa inakaa kimya tu. Kipimo cha kwanza kabla hujaunganisha koili, weka mita kwenye DC, pima geti ya mosfeti. Pigo la mikrosekunde 150 mara 120 kwa sekunde ni kama asilimia mbili tu ya muda, kwa hiyo kwenye betri ya volti 12 mita inatakiwa isome kitu kidogo sana, karibu 0.2. Ikisoma 12 au karibu na hapo, mosfeti imewashwa muda wote, na ukiunganisha koili yenye omu moja na nusu au mbili unapitisha ampea 6 au zaidi mfululizo, kitaanza kutoka moshi. Kagua transista inayoendesha geti imewekwa upande gani, miguu ya hizi transista ndogo inatofautiana kati ya kampuni na kampuni. Ikisoma sifuri kabisa, NE555 haipigi, pima mguu wa 3 kisha risista na kapasita za muda.

Mosfeti yenyewe ndio sehemu wengi wanapoteza kina bila kujua. IRF740 ni ya volti 400. Ukienda dukani, Kariakoo au Luthuli, ukaikosa watakwambia chukua IRFZ44, ni mosfeti pia mzee, inafanana miguu. Inafanana ndio, itawaka, na ditekta italia ukiweka sufuria. Lakini IRFZ44 ni ya volti 55 au 60, ule mruko wa koili unagonga dari hapohapo, na volti ikiwa ndogo mkondo wa koili unachukua muda mrefu zaidi kufa, kwa hiyo dirisha la kusikiliza linachelewa na vitu vidogo vinapotea. IRF540 ya volti 100 ni ileile shida kwa unafuu kidogo. Mbadala wa maana ni IRF840, volti 500, ambayo utaipata pia kwenye powasaplai mbovu za TV. Tena feki zimejaa, ukiwa na IRF740 inayochemka wakati koili ni sawa na pigo ni fupi, jaribu ya kutoa kwenye kifaa kibovu kabla ya kulaumu mchoro.

Koili ya Pirat ni mizunguko 25 ya waya wa shaba wa kusukia mota, milimita 0.5, kwenye kipenyo cha sentimita 19 au 20, inakupa mikrohenri 270 hadi 300. Ukitaka kubwa zaidi usiweke mizunguko ileile, shusha ili indaktansi ibaki palepale, sentimita 40 weka kama 17, mita nzima weka 10. Hiyo ya mita haioni sarafu tena, ni ya mapipa na vyuma vikubwa vilivyozama.

Sambamba na koili kuna risista ya kutuliza. Hii ndiyo roho ya PI na ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Ikiwa kubwa mno koili inaimba baada ya mkato, ditekta haitulii, inalia ovyo. Ikiwa ndogo mno mkia unavutwa na usikivu unakufa kimyakimya, hamna kelele ya kukushtua. Kwa koili ya mikrohenri 300 iko kati ya omu 390 na 1000, inategemea koili yako, waya na mosfeti. Bila oskilosikopu fanya hivi, anza na 390, tundika kipande cha foili ya pakiti ya sigara kwenye uzi, tafuta umbali wa mwisho inaposikika, panda 470, 560, 680 ukipima kila mara kwa foili ileile, umbali utaongezeka kisha utafika mahali ditekta inaanza kutotulia. Rudi hatua moja. Tumia ya wati 2 na isiwe ya kuzungushiwa waya, hizo zenyewe ni koili. Na usiguse hapo ikiwa imewaka, zile volti zinauma.

Malalamiko yanayofuata ni kupumua, yaani mlio unapanda na kushuka taratibu hata ukiiweka chini. Ukiwa ndani ya nyumba usitibu chochote, toka nje kwanza. Umeme wetu ni hezi 50, ditekta ikipiga 100 au 150 na kidogo zinapishana polepole na unasikia mawimbi. Badilisha kidogo risista ya muda ya NE555 mpaka kupumua kuishe. Taa za LED, chaja za simu, fridji, vyote vinaingia. Simu iache mbali. Usiendeshe PI kwa pawabanki yenye kupandisha volti, ina kelele zake ndani, chukua betri ya pikipiki ya volti 12, kwa matumizi ya Pirat inamaliza siku nzima bila wasiwasi.

Kulaumu bodi wakati kosa liko mazingira ni kitu cha zamani sana. Mwaka 1881 Rais Garfield wa Marekani alipigwa risasi, Alexander Graham Bell akaja na kifaa chake cha koili kuitafuta risasi mwilini, kilikuwa kimefanya kazi vizuri majaribioni lakini kitandani pale hakikueleweka, na baadaye ikaonekana godoro lilikuwa na springi za chuma. Kwa hiyo kabla ya kushika chuma cha kulehemu angalia viatu vyako, parafujo za mpini, zipu, betri imekaa umbali gani na koili, nondo za sakafu unayojaribia. Na hapa foili ya jikoni iliyookoa BFO inaweza kuwa adui, kwenye PI yenye uchelewesho mfupi foili nene inajisikia yenyewe kama metali.

Opampu ikiwa imekwama, mita inasoma karibu sifuri au karibu volti zote za betri kwenye mguu wa kutokea na volyumu ya usikivu haibadilishi kitu, angalia daiodi mbili za 1N4148 za mlangoni zilizogeuzwa kinyume. Moja ikikatika, mruko wa mia kadhaa unaingia moja kwa moja ndani ya chipu. Badilisha zote tatu, daiodi mbili na chipu, daiodi ni bei ya pipi.

Kuna ya tatu, VLF (very low frequency) ya koili mbili, ambayo inatofautisha metali vizuri kuliko zote. Siipendekezi kwa ya kwanza. Kuzipanga zile koili mpaka moja isiisikie nyingine, na zibaki hivyo gundi ikikauka, bila oskilosikopu ni mateso.

Kwa hiyo mwanafunzi, fundi wa nyumba, mtu mwenye mita na redio ya MW tu, ajenge BFO, karibu kila ugonjwa wake unasikika kwa sikio. Anayetaka sarafu na vyuma kwenye udongo mwekundu aende Pirat moja kwa moja wala asipitie BFO. Anayetaka punje za dhahabu ajenge PI ya sampuli na akope oskilosikopu hata ya mfukoni. Tanzania kuchimba kunataka leseni hata iwe ndogo, na magofu kama Kilwa yana sheria ya mambo ya kale tangu 1964, usichimbe huko. Na kwa wenzetu wa maeneo yaliyopita vita, ditekta ya kujijengea sio ya kutafutia mabomu ya ardhini, hata kwa kujaribu.

Ukiwa na BFO tayari na unataka kuhamia PI, mpini unahama, boksi linahama, betri ya volti 9 ya kidude haihami. Koili inahama kama waya ni wa 0.5 na omu zake hazizidi mbili, toa foili, pima, anza na risista ya 390.